Upinde wa mti na upinde wa makapi: safari yetu ya Oicha

Wiki hii tunawachukua safarini kwa njia ambayo wengi wenu mnaijua vizuri: Butembo, Maboya, Beni, kisha Mbau na Oicha. Hatukwenda kwa biashara wala kwa matanga. Tulikwenda kutazama upinde.

Tunajua mtauliza: katika eneo la Beni, ambako tangu Oktoba 2014 tumezika watu wengi hivi, nani anataka kusikia tena habari za silaha? Swali hilo ni la haki, na sisi walimu tulijiuliza kabla ya kupanda gari. Lakini tunawaona watoto wetu wakichonga bunduki za mti na kucheza vita mbele ya nyumba. Tukiwanyang'anya, kesho yake wanachonga nyingine. Tulitaka kujua kama kuna la kuwaambia zaidi ya «acha».

Habari yenyewe ilianzia kwenye simu. Mwenzetu mmoja wa kikundi ana mtoto wa dada yake anayeishi Kanada. Kijana huyo anapenda mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde. Alikuwa na upinde wa kisasa, wa bei kali. Siku moja akatuma picha: ameuuza, amenunua upinde wa mti mtupu. Mama yake mkubwa alishangaa. «Mtu anaachaje pikipiki akarudi kwenye chukudu?»

Ili tumwelewe kijana, tueleze kwanza kile alichokiacha. Upinde wa kisasa ulibuniwa Marekani na mtu aitwaye Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri, aliyepewa hati ya ubunifu wake mwaka 1969. Kila ncha ya upinde ina kapi, yaani gurudumu dogo linalopitisha kamba, kama lile la kuvutia maji kisimani. Mwanzoni unavuta kwa nguvu, lakini ukifika mwisho makapi yanabeba mzigo kwa niaba yako. Ukivuta uzito wa kilo 25, mwishoni mkono unashikilia kilo tano au sita tu. Basi unatulia, unatazama kwenye kitundu cha kulengea, unafyatua kwa kifaa cha chuma. Mshale unakwenda mbio na unafika pale ulipotaka. Chombo hiki kina nguvu hata katika michezo: kwenye Olimpiki upinde wa makapi haujawahi kutumika mpaka sasa, lakini umepangiwa kuingia Los Angeles mwaka 2028.

Kwa nini basi watu wanauacha? Na si kijana wetu peke yake; Ulaya na Marekani wako wengi wanaorudi kwenye upinde wa mti. Yeye alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, nasi tukaisikiliza pamoja baada ya kikao: «Mama, ule wa makapi, baada ya miezi mitatu nilikuwa napiga tundu lilelile. Nikachoka nao. Huu wa mti unanikosesha, lakini siku nikipata, ni mimi niliyepata.» Akaongeza kwamba kamba ya ule wa kwanza ikiharibika, anahitaji mashine maalumu ya kuubana upinde, au fundi wa dukani. Wa mti anaufunga kamba mwenyewe, kwa goti lake.

Hapo mama yake mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Chukudu nayo ni hivyo. Mti, msumari, kipande cha mpira wa gurudumu la zamani, na kijana mwenye panga anaitengeneza njiani bila kuomba spea kwa mtu. Ndiyo sababu pikipiki zimejaa mji na chukudu bado haijafa.

Ndipo mwingine akauliza: kama watu wa mbali wanalipa dola kutafuta upinde wa mti, si wenye upinde huo wako hapa karibu yetu?

Wako. Kutoka Butembo, kwenye baridi ya mikalitusi, barabara inateremka kilomita zipatazo hamsini hadi Beni. Unavua sweta njiani. Ukivuka Beni unaona kakao imeanikwa kwenye turubai pembeni ya barabara, michikichi inaongezeka, na upande wa kushoto na wa kulia miti inaanza kuwa mirefu. Hapo ndipo pori kubwa la Ituri linapotuanzia. Ndani yake wameishi Wambuti tangu zamani ambayo hakuna anayeihesabu. Wale wa upande wa Epulu wanajulikana kwa kuwinda kwa nyavu, na huko wanawake na watoto ndio wanaopiga kelele na kufukuza wanyama kuelekea wavuni. Wengine, Waefe, ni watu wa upinde.

Sifa ya mishale ya pori hilo ni ya zamani. Agosti 1887 msafara wa Stanley ulishambuliwa kwa mishale yenye sumu kule Avisibba, kwenye mto Aruwimi, ambao kwa juu ndio Ituri. Luteni Stairs alichomwa kifuani akapona, wengine hawakupona. Watu hao walikuwa na bunduki mikononi.

Oicha tulikutana na mzee mmoja Mmbuti ambaye vita vilimtoa porini pamoja na jamaa yake. Anaishi pembeni ya mji, kwenye vibanda vya majani na turubai. Tulimpa salamu, chumvi na sabuni, tukamwomba atuonyeshe upinde wake.

Tulitazamia kitu kikubwa. Alitoa upinde mfupi, haufiki mita moja, na kamba yake si uzi bali ni ukanda wa utete wa porini uliopasuliwa. Mshale hauna manyoya nyuma; una jani moja lililochomekwa kwenye mpasuko ili uende sawa. Mishale ya nyani ni ya mti mtupu, ncha imechongwa na kupakwa sumu ya mimea. Ya wanyama wa chini ina chuma. Hakuna kitundu cha kulengea. Tulipouliza analengaje, mzee alitutazama kama mtu aliyeulizwa anaonjaje chumvi.

«Mama mwalimu,» alisema, «upinde huu haupigi mbali. Lazima ufike karibu na mnyama, naye asikusikie. Kazi ni kutembea. Kupiga ni mwisho tu. Bunduki inaua hata kwa mkono wa mtu asiyejua kutembea.»

Maneno hayo tuliyarudia njia nzima ya kurudi. Ndani yake kuna jambo ambalo kijana wa Kanada alilitafuta kwa pesa: chombo kinachomlazimisha mtu kujifunza. Anayetumia upinde mfupi lazima ajue mti gani unazaa matunda mwezi huu, upepo unatoka wapi, nyani wanalala upande gani. Waefe wakiwinda kwa kundi, wanakwenda na mbwa wasiobweka, waliofungwa kengele ya mti shingoni. Nyama ikipatikana, kila mtu ana fungu lake linalojulikana: aliyepiga mshale wa kwanza, mwenye mbwa, waliosaidia. Mtu hawezi kula peke yake.

Sasa linganisheni na mtego wa waya, ule unaotengenezwa kwa kebo ya breki ya baiskeli au ya pikipiki. Waya hauchagui. Unakamata mama mwenye mimba na mtoto wake, unakamata hata okapi, mnyama ambaye duniani kote porini anaishi Kongo peke yake na analindwa na sheria. Mwenye mtego akichelewa kurudi, nyama inaoza. Bunduki nayo inamaliza kundi la nyani kwa asubuhi moja, na nyama inasafirishwa kwenda masoko ya miji. Upinde hautoi nyama ya kuuza kwa magunia. Udhaifu huo ndio uliolinda pori kwa miaka mingi.

Hatusemi kwamba maisha ya zamani yalikuwa raha, wala kwamba Wambuti wabaki na upinde ili sisi tuwatazame. Mzee mwenyewe alituambia anataka wajukuu wasome. Shida yake ni nyingine. Pori limefungwa na vita. Utete wa kamba uko huko, mti wa upinde uko huko, sumu iko huko, na kutembea kimyakimya hakufundishwi kwenye barabara ya pikipiki. Tuliwaona watoto wawili wakicheza na pinde za matawi ya mpera, kamba zimetolewa kwenye gunia la nailoni. Mzee alichukua mmoja, akauvuta, akatikisa kichwa, kisha akamrudishia mtoto kwa upole. Mtoto huyo ana miaka minane hivi. Baba yake katika umri huo alikuwa tayari anafuata wawindaji. Zikipita miaka kumi mingine namna hii, hakutakuwa na mtu wa kutikisa kichwa.

Hilo ndilo lililotuuma. Watu wa nchi tajiri wanaweza kuacha upinde wa mti kwa miaka hamsini, wakaurudia, kwa sababu wana vitabu, maduka na vyama. Elimu ya mzee wa Oicha haina duka. Ikikatika kwa kizazi kimoja, imekwisha.

Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili, Wambuti wakiwa ndani yake. Ni jambo jema, lakini sheria haiingii nyumbani peke yake. Sisi wamama ndio tunaoiingiza. Tuanze na mdomo: tusimtishe mtoto mvivu kwa kumwita Mmbuti. Tuendelee sokoni: tukikuta nyama ya pori ambayo hatujui imetoka wapi, tukumbuke okapi, na tukumbuke pia Ebola iliyoanza kutangazwa kwetu Mangina Agosti 2018 na kutuachia makaburi zaidi ya 2,200. Wataalamu walitufundisha kuogopa nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa. Mnyama wa mtego mara nyingi ni huyo.

Na kwa watoto wanaochonga bunduki? Darasani tulijaribu neno la mzee. Tulimwuliza kila mmoja: «Bunduki yako inakufundisha nini?» Walikaa kimya. Tukawapa kazi ya kutengeneza kitu kimoja kwa mikono yao, kisicho cha kununua, na kumweleza mwenzake alivyokitengeneza: kikapu, mpira wa majani ya mgomba, chukudu ndogo. Walichelewa kwenda nyumbani siku hiyo. Hatudai kwamba vita vya kuchezea vimekwisha. Lakini jioni ile uwanjani tuliona magurudumu mengi kuliko bunduki.

Maswali ya kikao cha wiki hii:

1. Ni ufundi gani wa bibi au babu yako ambao mtoto wako hajauona kwa macho? Ni nani bado anaujua, na anaishi wapi?

2. Nyumbani kwenu, ni chombo gani mnachoweza kukitengeneza wenyewe kikivunjika?

3. Katika kartié yetu kuna jamaa za Wambuti waliokimbia. Watoto wao wanakaa darasani na wetu? Kama hapana, kinachowazuia ni nini: ada, nguo, au sisi?

Majibu ya swali la tatu yaandikwe kwenye daftari ya kikundi. Tutayasoma pamoja Jumapili ijayo.