Baridi Ilipoanza Kulipiwa

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba Tanzania kuna watu wanaolala na koti, soksi na kofia ya sufu, atacheka. Apande basi la Njombe mwezi wa Julai. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya kuelekea Makete vimepanda zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna usiku ambao umande unaganda. Alfajiri unakuta majani ya viazi yameungua kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Utotoni mwangu, miaka ya 1980, baridi hiyo tuliilipia kwa mgongo tu. Bibi alikuwa na shamba dogo la miwati. Miti hiyo ililetwa kwa ajili ya magamba yake, yanayotumika kutengeneza ngozi, na mashamba makubwa ya Njombe yalianza mwishoni mwa miaka ya 1940. Magamba yalikwenda kiwandani, sisi tukabaki na kuni. Na kuni za miwati zikikauka zinawaka kweli, kaa lake linadumu.

Jiko la Bibi lilikuwa kibanda cha peke yake: mafiga matatu katikati, kuta nyeusi kwa masizi, mahindi ya mbegu yakining'inia juu ya moshi ili wadudu wasiyaguse. Jioni ukoo mzima ulijazana humo kuota moto. Usiku Bibi hakuuzima, alifukia gogo kwenye majivu, asubuhi akafukua na kupuliza. Moto huohuo ulipika ugali, ukakausha sare zetu za shule, ukatupa joto. Hakuna aliyeuliza bei yake.

Kisha mbao zikapanda bei. Wageni wakaja kununua ardhi, miwati iliyozeeka ikang'olewa, mipaini ikapandwa mpaka nyuma ya nyumba. Sikatai, wadogo zangu wamesomeshwa kwa mbao hizo. Ila mpaini ni mali ya mtu, huingii kuokota. Tukahamia kwenye mabanzi yanayobaki kwenye mashine za kupasulia. Mwanzoni ukiomba unabeba bure. Baadaye yakawekewa bei, na wachoma matofali wakawa wanatuwahi. Mkaa nao ukawa wa kupimiwa kwa sado.

Mwaka juzi nilikuwa kwa muuza mkaa alipofika mama mmoja mjane.

"Kamwene, baba. Nipimie nusu sado."

"Nusu siuzi, mama."

"Ndiyo hela niliyo nayo."

Akampimia, akamwongezea vipande viwili vya juu. Mkaa ule ungeingizwa chumbani kwenye jiko dogo, mlango ukafungwa na nyufa zikazibwa kwa matambara. Hapo ndipo penye kifo: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, na habari za watu kutoamka si ngeni huku kwetu.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nauunga mkono, macho ya Bibi yaliharibiwa na moshi nikiyaona. Lakini dada yangu ana mtungi wa gesi wa kilo sita, na kila jioni ya Julai mambo ni yaleyale: chai inachemka upesi, anazima, chumba kinabaki na baridi yake. Kwa hiyo ananunua gesi ya kupikia na mkaa wa kuota. Umeme upo, ila hita inakula Luku kuliko anavyoweza kununua.

Mpango unaohesabu sufuria peke yake haujaifahamu Njombe. Ruzuku ikipatikana, kwa vijiji vya huku juu sehemu yake iende kwenye dari, madirisha yanayofunga sawasawa na majiko ya kuni yenye bomba la kutolea moshi nje. Na kazi hiyo ifanyike kabla ya Juni.