AggieCon: Zaidi ya miaka 50 wanafunzi wakipokezana kijiti

Mji wa College Station uko jimbo la Texas nchini Marekani, karibu kilometa 150 kaskazini magharibi mwa Houston. Umepata jina lake kutokana na kituo cha treni kilichokuwa kikishusha abiria wa chuo. Chuo chenyewe ni Texas A&M, kilichofunguliwa mwaka 1876 kufundisha kilimo na ufundi, na leo kina wanafunzi zaidi ya 70,000. Ukikatiza kwenye viwanja vyake utasikia watu usiowajua wakikusalimia “Howdy”. Ndiyo hodi na habari za hapo.

Wengi wanakifahamu chuo hicho kwa mpira wa miguu wa Kimarekani na kwa gwaride. Hadi mwaka 1965, mafunzo ya kijeshi yalikuwa ya lazima kwa wanafunzi. Miaka minne baadaye, mwaka 1969, mwaka uleule binadamu alipotua mwezini, wanafunzi wachache waliopenda kusoma habari za sayari na roboti walianzisha kongamano lao. Waliliita AggieCon, kwa kuwa mwanafunzi wa chuo hicho huitwa Aggie.

Kongamano hilo ni la bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojiuliza maisha yatakuwaje sayansi ikifika mbali: watu wakihamia sayari nyingine, mashine zikianza kufikiri, au ugonjwa mpya ukiingia duniani. Linatajwa kuwa miongoni mwa makongamano ya aina hiyo yaliyodumu muda mrefu zaidi Marekani chini ya uendeshaji wa wanafunzi.

Mzazi anayemwona mwanawe amejifungia chumbani na vitabu vya namna hiyo anaweza kuona kijana anapoteza muda. AggieCon inampa mzazi huyo jambo la kutafakari.

Klabu yenye jina la nyota

Klabu inayoliendesha inaitwa Cepheid Variable. Hilo ni jina la aina ya nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa vipindi maalumu. Mwanamke mtafiti wa Marekani, Henrietta Leavitt, aligundua kuwa vipindi hivyo vinahusiana na ukali halisi wa mwanga wa nyota hizo, na mwaka 1912 matokeo yake yalichapishwa. Kwa njia hiyo wanasayansi waliweza kupima umbali wa nyota zilizo mbali mno.

Kwa miaka mingi makao ya kongamano yalikuwa Memorial Student Center, jengo la wanafunzi lililozinduliwa rasmi mwaka 1951 kuwaenzi wahitimu waliokufa vitani. Desturi ya hapo ni kuvua kofia ukiingia, na kutokanyaga majani yanayolizunguka. Hebu fikiria kijana aliyevaa kofia ya chuma ya rubani wa anga, ameishona na kuipaka rangi kwa wiki kadhaa, halafu mlangoni anakumbushwa adabu ya nyumba.

Kutoka mgeni hadi kiongozi

Katika makongamano ya wanafunzi, safari ya kijana mara nyingi huenda hivi. Mwaka wa kwanza anakuja kutazama. Anazunguka ukumbi wa wauzaji wa vitabu, anasikiliza waandishi wakijadiliana jukwaani, anacheza michezo ya mezani hadi usiku, anashangilia mashindano ya mavazi ya wahusika. Pengine hajaongea na watu wengi tangu afike chuoni. Hapa anamkuta mtu aliyesoma kitabu kilekile alichokisoma yeye, na mazungumzo yanaanza yenyewe.

Mwaka wa pili anajitolea. Anapewa kazi za kutumwa: kubeba viti, kukaa mezani kugawa beji, kumpelekea mgeni maji, kulinda mlango wa chumba cha michoro itakayopigwa mnada. Ni kazi ndogo, lakini asipofika kwa wakati foleni inasimama.

Mwaka wa tatu anakabidhiwa idara. Sasa ni yeye anayepanga ratiba, anayemwandikia barua mwandishi maarufu kumwomba aje, anayetafuta ukumbi na kuhesabu kama fedha za viingilio zitalipa nauli na hoteli ya mgeni. Fedha zikipungua, hakuna mwalimu wa kuja kuziba pengo. Kijana wa miaka 20 au 21 anajifunza kusoma mkataba kabla ya kuusaini, na kumwambia rafiki yake kwamba kazi aliyopewa hakuifanya.

Mwaka wa nne, akiwa amezoea kila kitu, anahitimu na kuondoka.

Hatari iko kwenye makabidhiano

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kongamano linaloendeshwa na watu wazima linaweza kuwa na mweka hazina yuleyule kwa miaka 20. La wanafunzi hupoteza wazee wake kila mwaka. Kila baada ya miaka minne, karibu watu wote ni wapya.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mwaka wa mwisho ni kufundisha. Nani apigiwe simu kuhusu umeme wa ukumbi? Mwaka jana maji yaliisha saa ngapi? Mgeni yupi hali nyama? Mambo hayo yasipoandikwa au kuelezwa, wadogo wataanza upya na kurudia makosa yaleyale.

Jengo la wanafunzi la Texas A&M lilifungwa kwa ukarabati mwaka 2009 na kufunguliwa tena mwaka 2012. Hiyo ni karibu miaka mitatu, muda unaomtosha mwanafunzi kutoka mwaka wa kwanza hadi kukaribia kuhitimu bila kuijua nyumba ya zamani ya klabu yake. Janga la UVIKO-19 lilileta mtihani kama huo kwa klabu nyingi za vyuo duniani. Shughuli ikisimama miaka miwili, nusu ya wanafunzi hawajawahi kuiona. Waliowahi kuiona ndio wanaofungasha mizigo.

Usingizi, chakula na heshima

Wahudhuriaji wa makongamano ya Marekani wana kanuni wanayoambizana, inayojulikana kwa tarakimu 5-2-1. Maana yake ni kwamba kila siku mtu apate angalau saa tano za usingizi, milo miwili na kuoga mara moja. Imetokana na uzoefu wa vijana waliokesha siku tatu, wakaishi kwa soda na biskuti, kisha wakaishiwa nguvu.

Mzazi ajue kuwa hicho ni kiwango cha chini cha kumvusha mtu wikiendi moja. Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima alale saa saba au zaidi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi. Anayejitolea ndiye hujisahau zaidi, kwa sababu kila mtu anamwita. Viongozi wazuri humpangia zamu yenye mapumziko na kuhakikisha amekula.

Kuna pia mafua na kikohozi kinachowapata wengi baada ya mikusanyiko hiyo. Watu wengi wakikaa vyumba vilivyofungwa, wakishikana mikono na kulala kidogo, virusi vya njia ya hewa husambaa kwa urahisi. Kunawa mikono, kunywa maji ya kutosha, kufungua madirisha inapowezekana na kubaki nyumbani ukiwa na homa husaidia sana.

Jambo jingine ni mwili wa mtu. Makongamano mengi ya Marekani sasa huweka mabango yanayokumbusha kuwa vazi la mhusika halimpi mtu ruhusa ya kumshika aliyelivaa. Ukitaka picha, unaomba kwanza. Kijana anayesimamia ukumbi anatakiwa kujua malalamiko yanapokelewa na nani na yanashughulikiwaje.

Kilichobaki

Mwandishi George R.R. Martin, ambaye vitabu vyake vilizaa tamthilia ya Game of Thrones, alianza kufika Texas A&M miaka ya 1970 kwa ajili ya AggieCon. Leo nyaraka zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Cushing ya chuo hicho, yenye mkusanyiko mkubwa wa bunilizi za kisayansi. Mwaka 2015, chuo kilipofikisha kitabu cha milioni tano, Martin alikipa nakala ya toleo la kwanza la The Hobbit. Waliomkaribisha miaka ile walikuwa wanafunzi. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 kongamano lilipoanza sasa amevuka 70, na huenda ana wajukuu wanaosoma vyuoni.

Hapa Afrika Mashariki pia wapo vijana wanaosoma na kuandika hadithi za aina hii, na Tuzo ya Nyabola ilianzishwa kwa ajili ya wale wanaoziandika kwa Kiswahili. Vyuo vyetu navyo vina klabu za wanafunzi, za mijadala, za uandishi, za roboti.

Mwanao akirudi likizo na kusema alikuwa na shughuli za klabu, usikimbilie kuuliza kama amefeli. Muulize alipewa kazi gani, alilala saa ngapi, na mwakani nani ataifanya kazi hiyo akiondoka. Akiwa na jibu la swali hilo la mwisho, kuna mdogo wake chuoni ambaye ameshaanza kumfundisha.