Mfupa uliunga, moyo je?

AJALI haina kinga, walisema wahenga. Yangu ilinipata Februari 2022, jioni ya mvua, nikiwa nimeabiri bodaboda kurejea nyumbani kutoka kazini. Gari dogo lilikata kona ghafla mbele yetu. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitalini, mfupa wa paja la kulia umevunjika.

Madaktari waliuunga kwa kuingiza chuma kirefu ndani yake. Mama mzazi aliacha shamba lake Vihiga bila kupandwa, akaja Nairobi kuniuguza. Kwa miezi minne ndiye aliyenikogesha, akanivisha na kunishika mkono kwenda msalani kama mtoto anayejifunza kutembea.

Hatimaye picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeungana vyema. Lakini paja lilikuwa limenywea hata suruali ikaning'inia. Mtaalamu wa tiba ya viungo akanishauri nianze mazoezi kwenye kidimbwi cha kuogelea. Alinieleza kwamba mtu akisimama katika maji yanayofika kifuani, miguu hubeba takriban theluthi moja tu ya uzito wake. Mimi, mzaliwa wa Eastlands, sikujua kuogelea hata kidogo! Nilianza kwa kushikilia ukingo huku watoto wa shule wakinipita kama samaki.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka mmoja baadaye niliweza kuvuka kidimbwi bila kusimama. Nikaongeza baiskeli ya mazoezi, ile isiyosonga. Kisha nikaanza kwenda msitu wa Karura, nikikimbia dakika moja na kutembea dakika nne.

Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilisikia kuhusu triathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati. Yale marefu yalianzia Hawaii, Marekani, mwaka wa 1978, ambapo wanaume 15 walianza na 12 wakamaliza. Mimi nilichagua nusu yake: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, na mbio za kilomita 21.1. Nilitaka mguu huu ujulikane kwa jambo jingine mbali na ajali.

Mazoezi yenyewe si mchezo. Jumanne na Alhamisi naogelea kabla ya kwenda kazini, Jumamosi ni baiskeli, Jumapili nakimbia baada ya ibada. Kila wiki naongeza kidogo tu, maana mwenda pole hajikwai. Asubuhi za baridi ya Julai paja huuma pale penye chuma.

Hata hivyo, maumivu hayo si kitu mbele ya hofu. Siku ya kwanza kuingia barabarani na baiskeli, bodaboda moja ilipiga honi nyuma yangu. Nilishuka, nikaisukuma baiskeli hadi nyumbani huku machozi yakinitoka. Mume wangu hakunicheka. Jumamosi iliyofuata alikodi baiskeli yake, tukarudi Karura kusiko na magari, akanifuata nyuma. Baada ya majuma mengi ndipo nilipothubutu tena kuingia barabarani, alfajiri, magari yakiwa machache.

Haya yote nilimficha Mama. Akipiga simu na kuuliza nafanya nini Jumamosi, nilijibu, "Napumzika, Mama." Siri ilifichuliwa na binti yetu wa miaka saba.

"Nyanya, Mama ana baiskeli!" alimwambia kwenye simu.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, huo mguu si wako peke yako."

Nilikasirika. Mguu ni wangu, chuma kiko ndani yangu! Lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilitambua kwamba mimi nilikuwa nimeitibu hofu yangu kidogo kidogo kwa miaka miwili, lakini Mama alibaki palepale kando ya kitanda cha hospitali. Hakuna aliyempa mazoezi ya kuituliza hofu yake.

Nikamwomba aje aone mwenyewe. Alifika mwezi uliopita na mfuko wa mahindi makavu. Alhamisi nikamketisha kando ya kidimbwi cha mita 50, sweta begani, uso umekunjamana. Nilimweleza kwamba natakiwa kukivuka mara 38. Akachukua punje 38 za mahindi yake, akaziweka kwenye leso mapajani. Kila nilipovuka, alidondosha moja kikombeni.

Nilipomaliza nilishika ukingo, nikihema. Mama alisimama, akanyoosha kiganja.

"Imebaki moja," alisema. "Rudi."

Nikarudi. Nilipotoka majini alilishika paja langu, akalibonyeza taratibu pale penye kovu, kisha akanipa taulo.

Zimebaki wiki sita. Kama nitamaliza au nitaishia njiani, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kwako msomaji uliyenusurika na unajikokota kurudi katika maisha yako, nina neno moja. Usimfiche aliyekuuguza. Naye aliumia pamoja nawe, na huenda bado hajapona. Mpe punje ahesabu.