Kamango: rezo ikijaa, nani apite mbele?

KAMANGO – Mwezi wa 7 mwaka 2013, ADF waliposhambulia Kamango, maelfu ya wakaaji walivuka mpaka mpaka Bundibugyo, Uganda. Jamaa iliyotawanyika njiani inatafutana kwa simu, na neno inalongojea ni fupi: tuko wazima. Lakini siku kama hiyo kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Watu wanasema rezo imekufa. Mara nyingi haikufa, imejaa.

Sauti, maandishi na video vinakatwa vipande vidogo, navyo vinapanga mstari ndani ya mashine inayogawa mtandao, kama bidoni kwenye bomba. Anayetangulia akipita kwanza, mwenye bidoni kumi anamzuia mama mwenye kikombe kimoja cha mgonjwa. Wagonjwa wakipita mbele siku nzima, wengine watarudi na bidoni tupu.

Dawa yake ni kugawa kwa uzito. Kila aina inapewa mstari wake, na mashine inazunguka ikichota kila mstari kwa kipimo chake. Demers, Keshav na Shenker walitoa hesabu ya kugawa kwa haki mwaka 1989. Mwaka 1995, Shreedhar na Varghese walionyesha njia nyepesi ya kuhesabu ukubwa wa mzigo, si zamu tu. Kwenye bomba ni kuhesabu lita, si watu.

Mfano: njia ina kilobiti 1,000 kwa sekunde. Sauti inapewa uzito wa 5, ujumbe 3, video 2. Sauti ina 500, zinazotosha watu kama sita wakiongea, kila mmoja akitumia karibu 80. Wakiongea wawili tu, zinazobaki hazimwagiki: ujumbe na video zinagawana.

Uzito hauongezi maji. Wote wakiwekwa mbele, mstari umerudi palepale. Tena uzito wa siku ya amani haufai siku ya kukimbia, wakati video inaweza kungoja lakini sauti haiwezi.

Mwenye ufunguo wa bomba anajulikana kwa sura. Anayepanga uzito wa rezo hajulikani. Penye koneksio moja ya watu wengi, kamati ya wakimbizi imtafute mapema na kumwuliza: "tuko wazima", herufi 10 tu, umeiweka mstari gani?