Nilimfuata Mume Wangu Hadi Manzese, Nikakuta Biti

Meseji ya benki iliingia tukiwa katikati ya kikao cha wahariri. Kwenye akaunti yetu ya kiwanja zimetolewa shilingi 620,000. Akaunti ile ni ya wawili, mimi na mzee wangu wa nyumbani, na kila mwisho wa mwezi tunaweka humo kidogo kidogo kwa ajili ya kiwanja tulichokiona Kibaha. Nikatoka nje ya kikao, nikampigia. Akajibu kwa sauti ya chini, "Mke wangu, nitakueleza nyumbani." Msomaji, kama uko kwenye ndoa unajua sentensi hiyo huwa inafuatiwa na nini.

Nilipofika nyumbani nilikuta maboksi juu ya meza ya chakula. Kinanda kidogo chenye vitufe 25. Hedifoni kubwa. Maiki na kadi ya sauti, vyote kutoka Kariakoo. Mume wangu, mhasibu wa watu, mwanaume anayehesabu hadi chenji ya vitumbua, alikuwa amesimama pembeni kama mtoto aliyevunja glasi. Akasema anajifunza kutengeneza biti za hip hop. Mwaka wa pili sasa. Zile Jumamosi zote alizokuwa akiniambia anakwenda "kwa washikaji" alikuwa anakwenda Manzese, kwa kijana mmoja anayemfundisha.

Nitakuwa mkweli. Kwanza nilifikiri kuna mwanamke. Pili nilifikiri, afadhali angekuwa mwanamke, maana hilo ningejua namna ya kuligombania. Biti? Mtu mzima wa miaka 38? Sikupiga kelele. Nikamwambia tu, "Jumamosi hii tunakwenda wote."

Safari ya kwenda huko

Tulipanda mwendokasi Kimara saa tatu asubuhi. Tangu mabasi haya yaanze mwaka 2016, Barabara ya Morogoro imekuwa kama korido ndefu: unakaa dirishani, Dar inapita. Ubungo na barabara zake za juu, Shekilango, Urafiki penye kile kiwanda cha nguo tulichojengewa na Wachina miaka ya sitini. Hatukuwa tunaongea. Tulipofika Ubungo akaona kimya kimezidi, akaanza kunipa historia, si unajua wanaume wakiwa na hatia wanavyokuwa walimu.

Akaniambia hip hop yenyewe ilizaliwa nyumbani kwa watu. Tarehe 11 Agosti 1973, Bronx kule New York, jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Kijana aliyezaliwa Jamaika, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye chumba cha shughuli cha ghorofa walilokuwa wakiishi. Dada yake Cindy ndiye aliyeandaa pati, akitafuta hela ya nguo za kurudia shule. Herc alikuwa ameona kwamba watu wanapagawa zaidi pale wimbo unapobaki ngoma tupu. Basi akachukua santuri mbili zinazofanana: kipande cha ngoma kikiisha huku, anakianzisha kule, kikawa hakiishi. "Biti zote hizi," akasema, "ni watoto wa ule mchezo."

Nikamuuliza, na hapa Bongo? Akanikumbusha nisichopaswa kusahau. Mwaka 1991 Saleh J alichana kwa Kiswahili juu ya biti za Wamarekani, kwa sababu za kwetu hazikuwepo. Baadaye wakaja maprodyuza wetu, Master J na MJ Records yake, P-Funk Majani na Bongo Records, na kizazi chetu kikalelewa na midundo yao. Lakini wakati huo kurekodi kulikuwa na foleni na hela. Kilichobadilisha mambo ni kompyuta. Mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa programu inayoitwa FruityLoops, mwaka 2003 ikabadilishwa jina kuwa FL Studio, na ghafla kijana mwenye kompyuta ya mtumba na geto lake akawa na studio.

Tukashuka Tip Top.

Geto lenyewe

Kama hujawahi kuingia ndani ya Manzese, usiishie kwenye mitumba ya barabarani. Ingia. Unapita kati ya mafundi viatu, wauza mihogo, watoto wanaocheza mpira wa makaratasi, halafu kichochoro kinakupeleka mahali ambapo kelele za barabara kuu zinafifia na unaanza kusikia za watu: redio, maji yanamiminwa ndooni, mtu anacheka.

Nyumba ilikuwa ile ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Mwalimu wa mume wangu ana miaka 22 na anapanga chumba kimoja. Akanipokea kwa heshima zote. "Shikamoo shemeji, karibu sana. Samahani, kiti kimoja tu." Nikakaa kitandani kama wageni wote wanaokuja pale.

Chumba kizima kilikuwa hatua nne kwa tatu. Meza, kompyuta, spika mbili, feni. Godoro la pili limesimamishwa ukutani, mablanketi yamening'inizwa, na kona moja nguo zake zote zimetundikwa kwenye kamba. Nikafikiri ni uvivu wa kununua kabati. Kumbe ndiyo studio. Akanieleza kwamba yale makasha ya mayai watu wanayobandika ukutani yanasaidia kidogo sana. Kitu kizito na laini ndicho kinachomeza mwangwi: godoro, blanketi, nguo. Ukitaka kurekodi sauti nyumbani, simama mbele ya kabati la nguo lililo wazi, zima feni, funga dirisha, vumilia joto.

Halafu kuna sheria za nyumba. Spika zinazimwa saa nne usiku, kuanzia hapo ni hedifoni. Adhana ikianza, kila kitu kinasimama. Na mama mwenye nyumba akigonga ukuta mara mbili, besi inapunguzwa bila majadiliano. "Shem, prodyuza wa uswahilini asiyejua kuishi na majirani hamalizi mwezi," akasema.

Somo la kwanza

Akanikabidhi kiti. Mume wangu akakaa kitandani, kimya. Nadhani alikuwa ananiogopa.

Kumbe biti ya hip hop si uchawi. Kwanza unachagua mwendo. Wangu aliuweka mapigo 90 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mapigo manne yanafanya baa moja. Nikamwambia mimi baa ninayoijua ina kuku choma, akacheka kwa adabu, inaonekana kila mgeni anasema hivyo.

Kwenye hesabu ya nne, kiki, ule mdundo mzito wa tumboni, inakaa kwenye moja na tatu. Sneya, ule mlio mkali, inakaa kwenye mbili na nne, pale watu wanapopiga makofi. Haihati inajaza katikati, chi-chi-chi-chi, mara nane kwa baa. Nikabofya visanduku kwenye kompyuta, nikabonyeza kucheza, na msomaji wangu, ikalia. Ilikuwa kavu kama askari wa gwaride, lakini ilikuwa biti.

"Sasa tuiondoe ugwaride," kijana akasema. Akasogeza kiki moja mbele kidogo, akachelewesha haihati kiduchu, akapunguza nguvu ya baadhi ya mapigo ili yasilingane. Binadamu hapigi ngoma sawasawa kila mara. Ukiacha kompyuta ipige sawasawa, msikilizaji anachoka bila kujua kwa nini.

Halafu akaniuliza ninataka sauti gani. Nikasema sijui. Akanitoa uani. Pale mama mmoja alikuwa anatwanga kisamvu kwenye kinu. Kijana akaomba ruhusa, akasogeza simu, akarekodi. Tukarudi ndani, akakata pigo moja tu la mchi, akalishusha sauti hadi likawa zito, akaliweka mahali pa kiki. Kinu cha uani kikawa kinadunda kwenye spika. Mama mwenyewe akaja mlangoni kusikiliza, mikono yake ina majani, akasema, "Hicho si kinu changu hicho?"

Hapo nikapagawa. Nikaongeza filimbi. Nikaongeza gitaa, kinanda, makofi, sauti ya gari. Baada ya nusu saa biti yangu ilikuwa kama Kariakoo mkesha wa Idi. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja, "Ondoa."

Akanifundisha kuzima kimoja kimoja. Kitu ukikizima na hukikumbuki, hakikuwa na kazi. Besi inatembea na kiki, zisigombanie sehemu moja. Katikati paachwe wazi, kwa sababu atakuja mtu kuchana, na sauti yake inahitaji mahali pa kukaa. Nikabaki na kinu, sneya, haihati, besi na kinanda chenye noti tatu. Ikawa nzuri. Kisha tukaipanga: baa 4 za kufungulia, ubeti wa baa 16, kiitikio cha baa 8, beti tatu na viitikio vitatu. Jumla baa 76, na kwa mwendo wa 90 hiyo ni dakika tatu na sekunde 23 hivi. Wimbo mzima.

Kwa wanaotaka kuanza: huhitaji 620,000. Narudia, mume wangu akisoma hapa asome mara mbili. BandLab ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye simu. LMMS ni ya bure kwenye kompyuta. Wenye vifaa vya Apple wana GarageBand. FL Studio ina toleo la majaribio, ila kazi uliyohifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Programu za wizi achana nazo, zinakuja na virusi. Na ukikata kipande cha wimbo wa dansi wa zamani ukakiweka kwenye biti unayouza, kumbuka wimbo una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki tunayo. Anza na hedifoni ulizonazo na kinu cha jirani.

Faili la Machi

Umeme ulipokatika, saa nane mchana, kompyuta ikabaki na chaji yake. Kijana akatoka kutununulia soda. Nikamwambia mume wangu, "Haya, nionyeshe zako."

Zilikuwa 64. Hajauza hata moja. Hazina majina, zina tarehe tu. Nikabofya ya kwanza kabisa, ya mwezi Machi, mwaka juzi. Nikaijua tarehe. Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika baba mkwe.

Biti ilikuwa ya mwanafunzi, kiki imezidi, besi haieleweki. Lakini haihati yake sikuwahi kuisikia popote. Ilikuwa inakwenda kwa kasi, inapunguza, inasimama, inaanza tena. Nikairudia mara tatu kwenye hedifoni ndipo nikaielewa. Ilikuwa cherehani.

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani. Alisomesha watoto watano kwa mguu wake. Alipofariki, cherehani ililetwa kwetu, ikawekwa kwenye korido, ikafunikwa kitambaa, na mimi nilishamwambia mume wangu mara tatu tuiuze kwa sababu inabana njia. Kila mara alijibu, "Tutaona." Msibani hakulia. Watu walimsifu kwa ujasiri, hata mimi nilimsifu. Kumbe alisubiri nikiwa kazini, akafunua kile kitambaa, akakanyaga na kurekodi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ningekwambia nini? Kwamba nakanyaga cherehani ya marehemu ili nisikie mlio wake?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa pale kitandani kwa kijana wa watu, gizani, joto kali, hedifoni moja sikio langu na sikio lake. Soda zilipokuja zilikuta wote wawili tunajifuta macho, na yule kijana, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta kifungulio.

Na hela je?

Sitaki mtu aseme nilisamehe kwa sababu ya muziki. Hela ya kiwanja ni hela ya kiwanja. Kwenye basi la kurudi tuliongea, kwa mara ya kwanza wiki ile, na tukaelewana mambo matatu. Atarudisha 50,000 kila mwezi kutoka kwenye posho yake mwenyewe, na ameanza. Chochote kinachozidi 100,000 kinajadiliwa kwanza, na hilo linanihusu mimi pia na viatu vyangu. La tatu nililisema mimi: cherehani haiuzwi. Tumeihamishia chumbani, chini ya dirisha, na kile kinanda kimewekwa juu yake.

Sikuwa nimekasirikia biti. Nilikasirika kwa sababu kulikuwa na chumba kimoja maishani mwake ambacho sikuwa nimekaribishwa. Na yeye, nadhani, alifikiri chumba hicho ni kidogo mno kwa watu wawili.

Biti yangu ya kinu ninayo kwenye simu. Jumapili jioni huwa anaifungua na kuongeza kitu, mimi nakiondoa. Bado tunabishana kuhusu besi.

Wewe unayesoma hapa, kama mwenzako ana mahali anapokwenda kila Jumamosi na humwelewi, usianze na simu yake. Vaa viatu, panda naye basi.