Kutoka Katesh hadi Namanga, kutafuta muhuri

Kalenda ya ukutani sebuleni kwa bibi, hapa Katesh, imejaa alama za msalaba za kalamu nyekundu. Anayezichora ni mjukuu wa miaka tisa, kila jioni baada ya kunawa miguu. Hakuna aliyemwambia ni za nini. Anajua tu kwamba mama yake akipita hapo husimama kidogo, akahesabu kwa midomo.

Mama huyo alizaliwa chini ya Mlima Hanang, akasoma hapa, akaenda Marekani, akaolewa, na miaka sita iliyopita akachukua uraia wa huko. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku aliyokula kiapo kule ndiyo siku aliyogeuka mgeni huku. Bibi alipoanguka na kuvunjika nyonga, binti alikuja na watoto wawili, kila mmoja na viza ya dola 100. Raia wa Marekani hupewa viza ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka mara nyingi, ila kila akiingia asikae zaidi ya siku 90. Wageni wa mataifa mengi mengine hulipa dola 50 na kuingia mara moja tu.

Nyonga ya bibi haikuijua hesabu hiyo. Siku ya themanini na nne bado alikuwa anatembea kwa kushika ukuta, na wiki mbili mbele alitakiwa kurudi hospitali.

Hospitali yenyewe ni Haydom, wilaya ya Mbulu, safari ya kupitia Basotu kwenye mashamba ya ngano ambayo Wakanada walisaidia kuyaanzisha miaka ya 1970, katika ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, na mpaka leo hukosi kuona vijana wa Kizungu koridoni, wanafunzi wa udaktari na wauguzi. Hao nao wana kalenda zao. Tofauti ni kwamba anayekuja kujifunza, kujitolea au kufanya utafiti anatakiwa awe na kibali kinacholingana na shughuli yake. Kwa wengi wao ni kibali cha ukaazi daraja C. Viza ya matembezi haimfanyi mtu mfanyakazi, hata kama kazi ni ya bure na ya huruma.

Binti wa bibi hakuwa anafanya kazi. Alikuwa anamwogesha mama yake.

Safari ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Gari lilipita Endasak, upande wa mlima ambako watu bado wanaonyeshana kwa kidole yalikopita matope ya Desemba 3, 2023, yaliyoshuka kutoka Hanang na kuua watu zaidi ya 80. Mtoto mdogo, wa miaka minne, alilala mpaka Babati. Kutoka Katesh hadi Namanga ni kama kilomita 350: Babati, Minjingu, Makuyuni, Arusha, halafu kubadilisha gari na kubanana kwenye Noah kupita Oldonyo Sambu na Longido, nyasi zikizidi kuwa fupi na vumbi likizidi kuwa jeupe.

Kuna mambo mawili ambayo familia nyingi huyajua zikiwa zimeshafika mpakani, na hapo ni ghali kuyajua. La kwanza ni Kenya. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza, ikaweka kibali cha kielektroniki kinachoombwa kwenye mtandao kabla ya safari, na mtoto mchanga naye anahitaji chake. Mama huyu alikuwa ameomba mapema, dola 30 kwa kichwa. La pili ni kadi ya njano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na anayeingia Tanzania akitokea huko, kuanzia umri wa mwaka mmoja, anaweza kudaiwa cheti cha chanjo. Ya mama ilikuwepo. Ya kijana pia. Ya mdogo ilipatikana baada ya mkoba mzima kumwagwa sakafuni, ndani ya kitabu cha katuni.

Kituo cha Namanga ni cha pamoja tangu Desemba 2018: anayekwenda Kenya hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo la upande wa Kenya, na anayerudi humalizia yote upande wa Tanzania. Walilala Namanga ya Kenya, wakala chapati, asubuhi wakageuza.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Kuvuka mpaka hakumpi mtu haki ya siku 90 mpya. Kila kuingia ni ombi jipya, na afisa aliye dirishani anaweza kuuliza, kupunguza siku au kukataa. Afisa alizipitia pasi tatu taratibu.

"Mama, Katesh kuna nini cha kukaa miezi mitatu mingine?"

"Mama yangu, afisa. Kavunjika nyonga."

Alitoa kadi ya Haydom na barua ya daktari yenye tarehe ya kurudi. Afisa akasoma, akawatazama watoto, akauliza mkubwa alizaliwa lini. Kisha akauliza mama aliapa lini uraia wa Marekani. Akahesabu.

"Huyu ulimzaa ukiwa bado Mtanzania. Huyu ni raia kwa kurithi. Kwa nini anaingia na viza?"

Mama hakuwa na jibu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema hivyo hasa: mtoto aliyezaliwa nje, baba au mama yake akiwa raia wa Tanzania asiye wa kurithi, naye ni raia, mpaka afikishe miaka 18 achague. Dada yake aliyezaliwa baada ya kiapo ni mgeni, sawa na mama. Watoto wa tumbo moja, foleni mbili.

Muhuri uligongwa, siku 90. Afisa aliongeza kwamba hali ya mgonjwa ikichelewa tena, aanzie ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pale Babati, mapema, asisubiri siku ya mwisho, maana kupitiliza hata siku moja ni kosa.

Walifika Katesh usiku. Bibi alikuwa macho.

"Wamekupa ngapi, mwanangu?"

"Tisini, mama."

"Na huyu?"

"Huyu hahesabiwi."

Bibi alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Jumatatu iliyofuata binti alimwachia jirani kazi ya uji, akachukua gari la Babati na kijana wake, bahasha kifuani: cheti chake cha kuzaliwa cha Hanang, cha mtoto cha Marekani, hati ya kiapo yenye tarehe, picha za pasipoti, na shilingi 150,000.