Pole Bila Karatasi

Wiki ya mwisho kabla hoteli haijafungwa kwa masika, mashine ya kupigia shuka pasi iliuvuta mkono wangu wa kulia. Ngozi ilibaki kwenye rola kama utando wa maziwa. Wenzangu walinipaka dawa ya meno, eti inapoza, kisha dereva akanikimbiza hospitali ya Msambweni.

Aliyefanya kazi mahotelini Diani anaujua ukimya wa watu wa msimu. Mshahara ukichelewa, kimya. Glavu zikiisha, kimya, maana mkataba ni wa miezi na Desemba iko mbali. Mimi nilikuwa bingwa wa ukimya huo. Msimamizi alipokuja wodini na bahasha ya shilingi elfu ishirini na karatasi ya kutia sahihi, mama alishaanza kumwombea dua. Shemeji yangu, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA, aliiomba karatasi aisome kwanza. Ilisema sina dai lingine lolote.

"Bosi, za dawa tutapokea na tutashukuru," akamwambia. "Sahihi ndiyo haitoki."

Bahasha ikarudi mfukoni.

Shemeji hakuniruhusu kutoka wodini mpaka kadi ilipoandikwa kwamba niliumizwa na mashine kazini. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inampa mwajiri siku 7 kumwarifu mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na aliyeumia ana miezi 12 ya kudai. Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba madai ya namna hii huanzia kwa mkurugenzi huyo, si kortini. Kwa hiyo wakala aliyenivizia getini tufungue kesi, akitaka theluthi ya fidia, aliondoka mikono mitupu.

Daktari alinikadiria ulemavu wa asilimia 10. Mlemavu kabisa hulipwa mishahara ya miezi 96. Kwangu ikawa miezi tisa na ushei. Nilivuka feri ya Likoni kufuatilia mpaka makarani wa mkurugenzi wakanizoea. Pesa zilichelewa, zikaja.

Mkataba mpya sikupewa, na hilo silifichi. Siku hizi napiga pasi kibandani Ukunda, kwa kushoto, na vijana wa mahotelini hunijia. Juzi alikuja mmoja wa jikoni, mguu umefungwa bandeji, mafuta yalimmwagikia.

"Kaka, nikidai si watanifukuza?"

"Huenda. Hospitali wameandika nini?"

Akanionyesha kadi: ameungua, basi. Nikazima pasi, tukapanda matatu ya Msambweni kumwahi daktari kabla hajatoka zamu.